Kitovu Ndani ya Kabati la Joto

Asubuhi ile seli zote zilipaswa kuwa zimekufa, na haikuwa imekufa hata moja.

Firdausi aliinua kichwa kutoka kwenye hadubini, akafuta lenzi kwa karatasi laini, akainama tena. Kazi yenyewe haikuwa ngumu kuieleza, na alikuwa ameshawaeleza akina mama wengi wa Kasulu na Kibondo. Unachukua seli hai za mwili wa binadamu, unazilisha ndani ya chupa mpaka zinaenea chini yote kama ukoko wa sufuria. Kisha unazitilia maji ya kisima unachokitilia shaka. Kama maji yana zebaki ya wachimba dhahabu, au risasi ile ya betri kuukuu za magari, seli zinakufa, na watu wanajua kuwa maji hayafai kabla mtoto wa mtu hajayanywa. Ili kuziona zilizokufa unadondosha rangi ya buluu. Seli iliyo hai huikataa rangi hiyo, ikabaki nje. Iliyokufa haina tena wa kulinda mlango, inajaa buluu mpaka katikati.

Hapakuwa na buluu. Na hayo hayakuwa hata maji ya kisima. Ilikuwa zebaki ya jaribio, dozi ya kuulia, ambayo huwekwa kila mara ili kuhakikisha kuwa kipimo kinafanya kazi. Seli zilikuwa zimelala ndani yake zimenona, zinang'aa pembeni.

"Emile," aliita bila kugeuka, "zebaki hii uliichanganya wewe?"

"Ni mie, Mama Firdausi." Emile alikuwa Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, mtu wa makamo aliyesomea maabara Bukavu kabla vita havijamleta huku. Mradi wa kupima maji ulimpa kazi kwa kibali, na kila jioni alirudi kambini. "Nilipima muzuri, nikarudilia tena. Iko sawa."

"Mbona hazijafa?"

Emile aliinama kutazama, akakaa sana kwenye lenzi. Alipoinuka alishusha sauti, ingawa chumbani walikuwa wawili tu. "Na hii harufu? Wewe hausikie? Ni kama mutoto ametapika maziwa. Toka asubuhi iko humu ndani."

Firdausi alivuta pumzi. "Sisikii kitu," alisema, na ilikuwa kweli, maana tangu mfungo wa Ramadhani uishe hakuwa akisikia kitu chochote, si harufu, si ladha, si kingine.

Seli zile zilikuwa za mwanawe. Kila mtu pale maabara alijua, na hakuna aliyelitaja.

Huku milimani kitovu hakitupwi. Mtoto akizaliwa, kitovu na kondo la nyuma huzikwa migombani nyuma ya nyumba, na kwa wengi hapo ndipo mtu anapokuwa na kwao. Kwa hiyo mradi ulipokuja na habari za kuomba vitovu vya watoto wachanga, kwa kuwa seli zake huota upesi kuliko nyingine, akina mama walikataa. Wachache tu walikubali. Siku moja wodini mama mmoja wa Muyama alimtazama Firdausi, tumbo lake la miezi minane likiwa mbele, akamuuliza, "Na wewe, cha kwako utakitoa?" Wodi nzima ikanyamaza kusikiliza. Firdausi alijibu kuwa atakitoa, tena alijibu kwa sauti ya juu. Kilikuwa kiburi cha aliyesoma, tuseme ukweli, na alitaka waaibike kidogo.

Akakitoa. Haruni alizaliwa salama, Ramadhani ikielekea mwisho, akanyonya, akalia kama watoto wote, na kabla ya siku ya saba, mbuzi wa akika akiwa ameshafungwa uani, aliacha kunyonya na kufikia adhuhuri alikuwa amekufa. Alioshwa, akaswaliwa, akazikwa. Kitovu chake wakati huo kilikuwa ndani ya maabara, kimekatwakatwa vipande vidogo, kimewekwa kwenye chakula chake cha rangi ya waridi katika joto lake, na kilikuwa kikikua vizuri sana.

Firdausi hakulia. Wanawake waliokuja msibani walimsifu kwa subira yake, wakarudi makwao wakimsifu. Hakuwa na subira yoyote. Alikuwa anasubiri kilio kije, kama mtu anayesubiri maji kwenye bomba lililofunguliwa, na hakikuja. Likizo ilipokwisha alirudi kazini, na siku ya kwanza alipofungua kabati la joto akaiona ile chupa bapa yenye jina la Haruni, alijisikia mwepesi. Akaona ni afadhali hivyo.

Aliyelia ni mumewe. Hilali alikuwa na duka la vitenge sokoni Kasulu, na tangu msiba alikuwa akilia huku anapima nguo, akilia huku anafunga mzigo kwa kamba na lile fundo lake la duka, la kukunja mara mbili. Wateja waliacha kupatana naye bei kwa huruma, na wasio na haya walikuja kwa wingi zaidi. Nyumbani alimwita mkewe Mama Haruni, yeye peke yake katika mji mzima.

"Mama Haruni," alisema usiku mmoja juu ya sahani ambayo hakuigusa, "ni kweli kile kitu kiko hai?"

"Kiko hai."

"Hai kweli, au hai ya kwenye vitabu?"

"Kinakula, kinapumua, kinajigawa. Ni hai."

"Kinaishi kwa nini?"

"Chakula na joto. Joto la mwili tu, Hilali, hili hili la kwapani kwako. Hakuna uchawi."

Hilali aliitikia kwa kichwa, machozi yakimdondokea kwenye wali. Firdausi alimtazama na kuona kuwa ni jambo la kusikitisha, jinsi mtu anavyoona kuwa nje kumenyesha. Akatoa vyombo.

Siku chache baada ya asubuhi ile ya zebaki, Emile aliunguza mkono. Alikuwa ameegemea meza akieleza jambo kuhusu gari la kambini, kiganja chake kikiwa juu ya mwali wa taa ya spiriti, na aliendelea kueleza. Firdausi ndiye aliyesikia mchirizo kama wa nyama inayogusa sufuria. Aliangalia, akaona moshi mwembamba ukipanda kati ya vidole vya mwenzake, naye Emile akayafuata macho yake, akautazama mkono wake, akautoa motoni taratibu kama anayetoa mkono wa mtu mwingine.

"Tazama," alisema kwa mshangao mdogo. "Haiume."

Ngozi ilikuwa imefunguka. Walifunga bandeji. Hakuna aliyepiga kelele, na baadaye Firdausi alikumbuka kuwa hata yeye hakuona haja ya kuharakisha.

Halafu umeme ukakatika. Ulikatika asubuhi, jenereta haikuwa na dizeli, na kwa kawaida kabati la joto likizimika hupoa, na seli zilizomo hufa. Firdausi alikwenda kuitoa chupa ili angalau aifunge kwa blanketi. Nje jua lilikuwa limewaka, moshi wa mashamba yanayochomwa umetanda juu ya Kasulu, watoto wa shule wanapita barabarani wakipiga makelele, ilikuwa saa ya watu kula, saa ambayo hakuna mtu anayeogopa kitu. Naye aliweka kiganja juu ya mlango wa kabati, akasubiri baridi ya chuma, na chuma kilikuwa na joto, joto la mtu aliyelala, na chini ya kiganja chake kitu kilikuwa kinadunda, kidogo kidogo na haraka haraka, haraka kuliko moyo wa mtu mzima, na taa zote za kabati zilikuwa zimezima, na feni yake haikuzunguka, lakini kutoka ndani ilisikika pumzi inayoingia na kutoka ikiwa na mkwaruzo puani, mkwaruzo ambao aliujua, kwa sababu alikuwa ameusikiliza kifuani pake usiku tano mfululizo.

Alisimama pale mpaka mkono ukafa ganzi. Kisha akaenda kula.

Mchana huo huo Hilali alikuja. Hakuwahi kufika maabara, na mlinzi alimruhusu kwa sababu kila mtu alimhurumia Hilali. Alisimama mbele ya kioo cha ndani cha kabati, koti jeupe la kuazima likimbana mabegani, akaitazama chupa.

"Anapumua," alinong'ona.

"Ni umeme, Hilali. Mashine."

"Umeme haupo."

Hilali aliweka kiganja kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba machozi yake yakasimama, uso ukamlegea. Alipouondoa mkono yalianza tena. Aliutazama mkono ule. Aliondoka akijigeuza nyuma mara kwa mara, na mlangoni alimkumbatia Emile, mtu ambaye hakumjua.

Mkuu wa maabara alikuwa Daktari Ndihokubwayo, Muha wa Kitahana, mpole, mtu wa kuwaamkia wafagiaji "mwakeye" kila asubuhi kabla hawajamwamkia. Siku iliyofuata simu yake iliita wakiwa mezani. Alisikiliza, akasema "sawa", akaiweka chini na kumega ugali.

"Mama yangu amefariki," aliwaambia. "Mchicha huu una chumvi nyingi leo."

Alimaliza sahani yake. Aliomba na maharage. Mezani watu waliendelea kula, na Firdausi pia, na maneno yale yalikuwa yameshapita kabla hajafikiri kuwa yalikuwa na uzito. Baada ya chakula daktari aliitisha majibu ya kisima kipya, kile kilichochimbwa bondeni chini ya machimbo ya dhahabu, ambacho vijiji viwili vilikuwa vinakisubiri. Seli za akina mama wengine zilikuwa zimekwisha zamani. Zilizokuwapo ni hizi tu.

"Hazikufa?" aliuliza.

"Hazikufa," Firdausi alisema. "Lakini hata kwenye zebaki tupu hazikufa, Daktari. Kipimo ni kibovu."

"Hazikufa," daktari alirudia kwa upole, akasaini. "Kisima kifunguliwe Jumatatu."

Kama ni Ndihokubwayo wa siku zote angegonga meza, angeita kila mtu, angerudia kipimo kwa mkono wake. Huyu alifunga kalamu na kwenda kusinzia.

Hata hilo halikumshtua Firdausi, na hapa ndipo msomaji atamlaumu. Kilichomshtua kilikuwa kidogo zaidi. Jioni, akirudi nyumbani, mtoto wa jirani alianguka kwenye mtaro mbele ya geti lake, akapasuka goti, akamnyooshea mikono huku analia. Firdausi alimruka jinsi anavyouruka mtaro wenyewe, akafungua geti, akaingia, akaanza kukata vitunguu. Alikuwa katikati ya kitunguu cha pili alipogundua alichofanya. Alisimama na kisu mkononi, akajitafuta moyoni apate walau aibu, hakuipata. Akafikiri kwa akili tu, kwa kuwa ndiyo iliyobaki: Jumatatu watoto wa vijiji viwili watakunywa zebaki, nami nitawaruka hivi hivi.

Akavaa baibui, akaenda kwa Sheikh Saady.

Saady aliuza magodoro. Baba yake alikuwa ametoka pwani, akamwachia duka na vitabu vya kisomo, na katika Kasulu alisifika kwa vyote viwili. Alimsikiliza Firdausi akiwa amekaa juu ya rundo la magodoro, miguu inaning'inia, akipiga chafya kwa vumbi la sufi.

"Unaogopa?" alimuuliza mwishowe.

"Hapana, sheikh."

"Mimi hapa nimekaa dukani kwangu, jua halijazama, na nimeanza kuogopa. Na wewe uliyemgusa huyo wa kabatini huogopi." Alishuka. "Nitakuja Ijumaa baada ya swala. Mwambie na mumeo aje."

Ijumaa Daktari Ndihokubwayo hakuwazuia. Aliuliza tu kama watachelewa kufunga. Alikuwa hajaenda kuzika. Saady alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye kiti cha maabara ambacho kilizunguka naye, akakishika kwa hofu, akaomba kiti kingine. Hilali alisimama ukutani, macho mekundu, hayatoki kwenye kabati. Emile alikaa karibu na meza, mkono wake wa bandeji mapajani. Sheikh alifungua kitabu, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na kwa muda hapakuwa na lolote ila mngurumo wa feni.

Kisha harufu ikaja, na safari hii hata Firdausi aliisikia, maziwa yaliyochacha kwenye shingo ya mtoto, mafuta ya nazi, kitambaa chenye mkojo wa usiku, na feni ikapunguza mwendo mpaka ikawa pumzi, na kioo cha kabati kikaingia ukungu kwa ndani, na juu ya ukungu ule, chini kabisa, pakatokea alama ndogo ya kiganja, halafu nyingine kando yake, kana kwamba kuna mtu anayejaribu kusimama kwa kushika mlango, na sheikh aliendelea kusoma huku jasho likimtiririka kwenye kitabu, na Emile, ambaye hajawahi kusema Kiswahili bila Kikongo kuchungulia, alifumbua kinywa akasema kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa sauti nyembamba isiyo yake:

"Unasoma vizuri, Saady. Lakini mimi sikuvunja mlango wa mtu."

Sheikh aliweka kidole pale alipofikia kusoma. "Uliingiaje?"

"Nilikuta nyumba ndogo ina joto, ina chakula, mwenyewe hayupo. Amezikwa kwingine. Nikaingia. Nami nawalipa kwa wema."

"Wema gani?"

"Uchungu wao naula mimi. Huyu wa mkono namlia wake. Mkubwa wao amefiwa na mama, nimemlia wote. Na mama wa mtoto, tangu siku ile hajatoa chozi. Muulize kama anataka nimrudishie."

Wote walimtazama Firdausi. Yeye alitazama viganja vile kwenye kioo. Alijua kabisa kinachoulizwa. Upande mmoja kulikuwa na siku zile zote za kilio zilizokusanywa mahali, zinamsubiri. Upande wa pili kulikuwa na hii hali yake, nyepesi, tulivu, na ndani ya chupa kipande pekee cha Haruni ambacho kilikuwa hakijawahi kufa.

"Siwezi kumtoa kwa kisomo," Saady alinong'ona, akifunga kitabu. "Huyu amekaa kwa ruhusa. Kitovu kikazikwe kinapopaswa kuzikwa, na wenye mtoto wamwambie mtoto wao kwa jina lake kuwa amekufa. Basi atakosa pa kukaa. Lakini wote wawili waseme, kutoka moyoni. Mama na baba."

"Hilali?" Firdausi aliita.

"Mimi sijui," Hilali alisema. Alikuwa analia. "Mama Haruni, mimi sijui. Yuko hai. Wewe mwenyewe ulisema yuko hai."

"Jumatatu wanafungua kisima."

"Watoto wa watu," Hilali alisema. "Na wa kwangu?"

Firdausi alifungua kabati, akaitoa chupa bapa, akatoa na kichupa cha akiba kilichokuwa nyuma yake, kidogo kama kidole, akavifunga vyote katika kipande cha kitenge. Kifurushi kilikuwa chepesi alipokiinua, na kufika mlangoni kilikuwa kizito, kikimlemea kwenye mkunjo wa kiwiko, kina joto, kinajisogeza kutafuta ziwa. Alisema aende kutia udhu kwanza. Hilali akanyoosha mikono.

"Nipe nimbebe," alisema. "Sijambeba tangu kaburini."

Akampa.

Walizika alasiri, migombani nyuma ya nyumba yao. Saady alisimama kando, akitazama huku na huku kama mtu aliyefuatwa. Hilali alichimba mwenyewe, kifurushi kikiwa kimefungwa kiunoni mwake. Alipokishusha shimoni Firdausi aliona kuwa kimefungwa kwa fundo la duka, la kukunja mara mbili, na hakuwaza lolote.

"Haruni," alisema, akipiga magoti. Ulimi ulikuwa mzito. "Haruni mwanangu, umekufa. Ulikufa siku ya sita, adhuhuri, ukiwa mikononi mwangu. Nenda, baba."

Midomo ya Hilali ilicheza. Upepo ulikuwa unapiga majani ya migomba na sauti yake haikusikika. Sheikh alimtazama, akasubiri, kisha akaanza kufukia kwa mikono.

Udongo wa mwisho ulipoanguka kilio kilikuja. Hakikuja kidogo kidogo. Kilianzia chini ya kitovu chake mwenyewe kikapanda kama uchungu wa kuzaa uliogeuza njia, na Firdausi alisikia harufu ya udongo, na harufu ya migomba, na ya moshi, na ya kitunguu kilichobaki vidoleni tangu juzi, akasikia kila kitu kwa pamoja, na matiti yake yaliyokauka zamani yakajaa, yakauma, yakalowesha nguo, na alimwona Haruni akigeuza uso kutoka kwenye ziwa, adhuhuri ile, taratibu, kama mtu aliyeshiba, akamwona tena, na tena, na alipiga ukelele ambao majirani waliusikia mpaka barabara ya kwenda Kagerankanda, akaanguka kifudifudi juu ya kaburi lile dogo akilikumbatia, akimwita, akimwomba radhi kwa kiburi cha wodini, akila udongo. "Mayo we!" jirani mmoja alipaza sauti kutoka upande wa pili wa ua. Saady naye alikuwa analia, tena kwa furaha, akisema alhamdulillahi, alhamdulillahi.

Na kweli uchungu ulikuwa umewarudia wenyewe. Emile alikuwa ndani ya gari la kuwarudisha wafanyakazi kambini. Saa ile ile aliushika mkono wake akapiga yowe hata dereva akasimamisha gari. Daktari Ndihokubwayo alikutwa ofisini ameweka kichwa juu ya meza akimlilia mama yake kama mtoto. Akiwa hivyo hivyo, macho yamevimba, alipiga simu bondeni akasema kisima kisifunguliwe, kifungwe kwa kufuli, yeye alikosea. Kisha akapanda gari kwenda Kitahana kuzika, kama alivyotakiwa tangu mwanzo.

Walimwingiza Firdausi ndani, wakamlaza. Saady aliaga. Jua lilikuwa linazama na mwanga wake ulikuwa umeingia hadi kitandani. Alilia mpaka sauti ikakauka, akapumzika, akalia tena. Kila pumzi ilikuwa inamchoma. Alifikiri kuwa atakufa, halafu akafikiri kuwa hatakufa, na hilo la pili lilikuwa baya zaidi.

Hilali aliingia na chai kwenye birika, ikifoka mvuke. Alijimiminia kikombe akakigugumia chote, papo hapo, bila kupuliza. Midomo yake ilibabuka, ngozi nyeupe ikajikunja pembeni. Akaweka kikombe chini.

Firdausi aliacha kulia kwa mshtuko. Akamtazama usoni. Macho ya mumewe yalikuwa makavu.

"Hilali," alinong'ona. "Pale shimoni. Ulimwambia?"

"Usilie, Mama Haruni." Sauti yake ilikuwa tulivu, ya mtu aliyelala vizuri. "Hajambo. Amelala."

Akafungua vifungo vya shati, akainua mkono wa kushoto. Kwapani, kimefungwa kwa kamba ya duka inayozunguka kifua, kilikaa kichupa cha akiba, rangi ya waridi, kimebanwa kwenye ngozi.

"Uliniambia mwenyewe," alisema. "Joto la mwili linatosha."

Firdausi alirudi nyuma mpaka ukutani. Alitaka kuita, Saady hajafika mbali. Alifumbua kinywa, na uchungu ukapanda tena kutoka chini, mkubwa kuliko wa kwanza, ikatoka kwikwi tu. Na kutoka kwapani kwa mumewe alisikia ule mkwaruzo mdogo wa pua, ukiingia, ukitoka.

"Njoo umshike kidogo," Hilali alisema. "Upumzike tu. Kesho tutamzika, nakuahidi."

Alisimama pale muda mrefu, akilia, akitikisa kichwa. Kisha alisogea, akaweka vidole viwili juu ya kioo, kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

Nje watoto wa jirani walikuwa wanaitwa kula. Firdausi alifuta uso kwa upindo wa kanga, akakaa kando ya mumewe. Birika lilikuwa bado linafoka mvuke. Alijimiminia chai, akainywa yote bila kupuliza.